Bamba la Chini ya Gari

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu, fundi wa magari ya porini, tunayemwita Kaza kwa sababu nati aliyoifunga yeye hailegei ng'o.

Mteja alileta gari liinuliwe springi na kuvishwa matairi makubwa. "Na bamba la chini badilisha, weka nene zaidi," alisema, akiwa amesimama mbali na gari lake mwenyewe. Kaza akajisemea, huyu ana lake.

Alipolifungua lile bamba kuukuu linalokinga injini, shaka ikamzidi. Mawe hubonyeza bamba kuelekea juu. Hili lilikuwa limetuna kuelekea chini.

"Kaka, hili liligongwa na nini?"

"Wewe funga tu, fundi."

Akafunga jipya. Umeme ukakatika angali amelala chini ya gari, giza totoro, injini imezimwa. Kwa mazoea yake, akaligonga bamba kwa spana mara mbili, asikilize kama limekaza.

Mteja akauliza kule nje: "Fundi, umeligonga?"

Kabla Kaza hajajibu, bamba likagongwa mara mbili, taratibu, kutoka upande wa juu.