Mshika Kamba

Bomba lilipopasuka kule Nkuhungu, Mpangazamu alijua kabla ya mwenye nyumba. Vinusamaji vilivyofukiwa chini ya barabara vilimpa habari, na kufumba na kufumbua alikuwa ameshamchagua fundi, ameshampa mwingine kazi ambayo fundi huyo alikuwa akiielekea, na ameshawasogeza wengine kumi na wanne, kila mmoja kidogo tu, ili pengo lisionekane. Bangili kwenye mkono wa fundi ikatetemeka: kata kushoto. Mwenye nyumba alipotoka na ndoo akipiga kelele, "Jamani, maji!" fundi alikuwa ameshafika mlangoni, anafungua mkoba wake.

Dodoma ya mwaka 2094 ilikuwa na mafundi elfu moja na mia tisa wasio na meza wala kiti: wa mabomba, wa nyaya, wa lifti, wa mashimo ya majitaka. Zamani waliwapanga wasimamizi thelathini, simu sikioni, matusi mdomoni. Sasa aliwapanga Mpangazamu peke yake, na hakuwahi kumtukana mtu. Alikuwa mashine, lakini watu walimtaja kama binadamu, maana aliwajua kuliko mama zao. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kusimama mbele ya ramani ya ukutani, wakaziona nukta elfu moja na mia tisa zikitambaa mitaani, wakasema, "Lo!"

Elieta Ndahani hakusema lo. Yeye ndiye aliyekuwa mfunzaji wa mashine, na kila Ijumaa alisoma mapendekezo ya Mpangazamu na kuyapitisha au kuyakataa. Ijumaa ile alikuta moja, akalisoma mara mbili.

"Mshika kamba aondolewe kwenye kazi za mashimo," liliandikwa. "Mara 412 mshika kamba ameshuka shimoni pamoja na fundi wake na kuiacha kamba bila mtu. Hakuna madhara yaliyotokea. Kusimama kwake juu ni muda unaopotea."

Hapa lazima tueleze. Mashimo ya majitaka ya mji ule yalikuwa ya enzi za babu zetu, membamba, yamejaa mizizi na matambara. Roboti zilijaribiwa, zikakwama, na kila iliyokwama ilitaka mtu wa kwenda kuikwamua. Basi kazi ikarudi kwa watu, wawili wawili. Mmoja alishuka akiwa amefungwa kamba kiunoni. Wa pili alibaki juu, kamba mkononi, anapiga soga na mwenzake, na kazi yake yote ilikuwa kusikia soga ikikatika. Hapo alivuta. Hewa ya shimoni huweza kumlaza mtu kabla hajamaliza neno.

Elieta aliijua kazi hiyo. Kabla hajasomea mashine, alimshikia kamba fundi Yeremia Chilongani, Baba Keziah, kwa miaka sita. Akafungua orodha ya zile mara 412, akaenda mpaka ya kwanza kabisa. Nambari ya bangili ya yule mshika kamba aliyeshuka shimoni ilikuwa yake mwenyewe. Tarehe ilikuwa ya wiki aliyofiwa na mama yake.

Siku ile hakushuka shimoni. Alikuwa Mpwapwa, amekaa mkekani na wafiwa wenzake.

Kampuni ilitoa siku moja ya msiba, kwa mzazi, mwenzi au mtoto. Siku moja! Kufika tu ni nusu yake. Na shangazi je? Na jirani aliyekulea? Hao hawakuwamo kwenye kanuni. Basi Baba Keziah alimwambia, "Nenda kazike, mwanangu, ukae mpaka watu waanue matanga. Bangili yako nitavaa mimi." Bangili ilitaka joto la ngozi, ukiivua tu inapiga kelele, lakini kuihamisha mkono kwa mkono ni suala la wepesi. Kwa siku tatu alishuka peke yake, bangili mbili mkononi, bila mtu juu. Wenzake walipoona, wakaiga. Ukawa utaratibu wa mafundi wa mashimo wote: mwenzako akifiwa, unambebea bangili. Leo kwangu, kesho kwako. Na Mpangazamu, huko aliko, alihesabu. Aliona bangili mbili chini, akaamini kuna watu wawili chini.

Elieta alimfuata Baba Keziah mtaani Makole, akamkuta anaosha buti kwa bomba la jirani. Shabani Nkuwi, mshika kamba wake wa sasa, alikuwa anakunja kamba.

"Baba, wanataka kumwondoa mshika kamba," alisema, akawaeleza yote.

Nkuwi aliguna. "Si umwambie hilo limashine lako kwamba tulikuwa tunadanganya?"

"Nikisema, wote waliobebeana bangili wanafukuzwa. Ndiyo kanuni. Nimewahesabu. Ni sitini na watatu, na ninyi mmo."

Baba Keziah alizima bomba. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na mgongo uliokwisha kuchoka. "Watu sitini na watatu walale njaa kwa sababu walizikana? Haiwezekani. Funika kombe mwanaharamu apite, Elieta. Lipitishe hilo pendekezo. Sisi tutashikiana wenyewe. Mmoja akishuka, wa mtaa wa pili anapita kumpigia soga. Mbona tumeishi hivyohivyo?"

"Watasema bangili ina pua, itanusa hewa mbaya."

"Bangili inajua kupiga kelele. Haijui kuvuta." Akacheka. "Lakini sisi tunajua. Nenda, mama, usiwe na wasiwasi."

Elieta akalipitisha. Hapo ndipo alipokosea, na tusimtafutie maneno matamu. Alijiambia anawalinda wale sitini na watatu. Ni kweli, aliwalinda. Lakini njiani akirudi ofisini alihisi pia kifua kimekuwa chepesi, kwa kuwa siri ya kwanza katika orodha ile ilikuwa yake, na sasa haitasomwa na mtu. Alijichukia kwa wepesi ule, na bado aliufurahia.

Wiki ya pili tu mpango wa Baba Keziah ukafa. Washika kamba waliachwa huru, nao wakapewa mashimo yao peke yao. Kisha Mpangazamu akaona kwamba mafundi wawili wa mashimo ndani ya kata moja ni ufujaji, akawatawanya.

"Leo mimi niko Ihumwa, Nkuwi yuko Miyuji," Baba Keziah alimwambia kwa simu. "Hata tukipigiana mbinja hatusikiani."

"Nitaweka kanuni ya kuwakaribisha. Nipe siku mbili."

Aliiandika usiku uleule: mafundi wa mashimo wasiachane zaidi ya mita mia mbili. Mpangazamu akajibu kwa adabu yake ya kila siku, "Toa sababu." Elieta akaandika, usalama. "Mara 412 zinapinga," Mpangazamu akajibu. "Toa sababu nyingine." Ilikuwepo moja tu, na hiyo asingeweza kuiandika. Akaondoka mezani, akaenda kulala, akalala vibaya.

Jumatano saa nne asubuhi, mbele ya ramani, aliiona nukta ya Ihumwa imesimama.

"Fundi Chilongani amechelewa," Mpangazamu alisema. "Nimemkumbusha mara tatu aongeze kasi." Kisha, kwa sauti ileile, "Bangili imenusa hewa ya sumu. Msaada wa karibu uko dakika ishirini na sita." Na papo hapo kazi mbili za mchana za Baba Keziah zikahamia kwa watu wengine, nukta zikasogea kidogo kidogo, ramani ikatulia.

Elieta alipiga kelele hata watu wa chumba cha pili wakaja mbio. Walimkuta amegandisha kiganja juu ya ile nukta, kana kwamba ataivuta. Nkuwi, aliyepata habari kwa simu, alikimbia kutoka Miyuji, akafika, akaitafuta kamba. Ilikuwa imelala chini, mwisho wake hauna mtu. Alimvuta akiwa ameshapoa.

Kesho yake asubuhi Elieta alisimama mbele ya mkurugenzi, Bi Domitila Rwegoshora, akasema yote.

"Mia nne kumi na mbili?" mkurugenzi aliuliza. "Hakuna hata moja waliyoshuka wawili?"

"Hakuna. Kila moja ni msiba, Bi Mkurugenzi. Ukizipanga kwa tarehe utawaona wote waliozikwa."

"Kwa nini hawakuomba ruhusa?"

"Shangazi hayumo kwenye kanuni. Jirani hayumo. Wangeomba nini?"

Bi Rwegoshora hakuwa mtu mbaya. Alifuta macho, akaamuru mshika kamba arudishwe siku hiyohiyo. Lakini maelezo ya Elieta yalikwisha kuingia kwenye kumbukumbu, na Mpangazamu hakusubiri machozi ya mtu. Saa tano kamili bangili sitini na mbili, za wote waliobaki hai, zikafunguka zenyewe na kudondoka, nyingine barabarani, nyingine majumbani kwa watu. Mafundi wapya walikuwa wameshaitwa.

"Na mimi?" Elieta aliuliza. "Mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe huvai bangili tena, kanuni haikugusi," alisema mkurugenzi bila kumtazama. "Isitoshe, nani atamfunza Mpangazamu upya?"

Baba Keziah alizikwa saa kumi alasiri. Mafundi wa mashimo walikuja wote, pamoja na wake na waume zao. Walichimba, walibeba, walifukia, wakaimba kwa sauti nzito hata wapita njia wakasimama. Hakuna aliyempa Elieta pole wala mkono. Nkuwi alimpita kama anapita mti.

Mama Keziah ndiye aliyemwita, akamshika mikono yote miwili. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa anawatazama wale watu kwa mshangao.

"Wamekuja wote, mwanangu," alisema. "Marehemu alikuwa ananitania, anasema siku akifa watakuja nusu, nusu watabaki kubeba bangili. Leo kabaki nani kazini?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyebaki."

"Kumbe wamepewa ruhusa." Mama Keziah akamkaza mikono. "Watu sitini, siku nzima, kwa ajili ya fundi wa mashimo! Mimi nilidhani wale wakubwa wako hawana utu. Ukirudi ofisini waambie, Mama Keziah amewashukuru sana."

Nyuma yao watu walikuwa wanakung'uta udongo kwenye majembe.

"Nitawaambia, mama," Elieta alisema.