Usukani wa Kuinamia

Treni ya Kaliua ilikuwa imeingia asubuhi hiyo, na nje ya kituo cha Mpanda watu walisukumana na magunia na matenga ya kuku. Romana alikuwa anakatiza katikati yao na mfuko wa barua za posta begani, gauni lake la madoadoa limelowa jasho mgongoni, alipozibiwa njia na kijana mwenye sukani mbili za baiskeli, moja kila mkono.

"Dada, samahani. Ungekuwa wewe, ungechukua upi?"

Romana akamtazama. Suruali ya bugaluu ya kahawia, mguu wa kulia umebanwa na kibanio cha nguo usiliwe na mnyororo. Nywele kichaka.

"Kwani mimi ndiye fundi?"

"Fundi ni huyu, Leodgar. Amenichoka."

"Yuko hapa tangu saa mbili!" Leodgar alilalamika nyuma ya baiskeli iliyopinduliwa. "Watu wanachagua mke haraka kuliko hivi!"

Usukani mmoja ulipanda juu ukafunguka kama pembe za ng'ombe. Mwingine ulijikunja kwenda chini, ule wa vijana wa mashindano, unaomlaza mtu kifudifudi.

"Chukua wa juu," Romana alisema. "Kwa huo mwingine utakuwa unasalimia tairi, watu unawapita."

Kijana akachukua wa juu. Jioni ile ile alimpeleka Romana kwao Shanwe, amekaa upande kwenye bomba la mbele, mikono ya kijana imemzunguka bila kumgusa. Aliitwa Nyanda, bwana mifugo mgeni kutoka Shinyanga. Tangu hapo simu ya posta, alikofanya kazi Romana, haikupoa.

"Posta Mpanda."

"Naomba stempu moja yenye vishimo mashavuni."

"Zimekwisha, bwana. Zimebaki za kununa."

"Hizo hizo. Nifungie mbili."

Hata mama yake Romana, Mama Matilda, alimpenda. Kila akikutana naye njiani, Nyanda alishuka kwenye baiskeli akaamkia.

Kisha mvua ikakata reli. Treni haikuonekana siku kumi, wala barua. Alhamisi Mama Matilda akaingia posta na kapu lake, anahema.

"We Romana! Huyo Msukuma wako nimemkosea nini?"

"Amefanyaje, mama?"

"Nimekutana naye njia ya Magamba. Ameniona, nami nimeona kwamba ameniona! Akainama mpaka pua ikagusa usukani, akaingia porini na baiskeli yake. Kwenye miba! Namwita, mwanangu, vipi? Kimya."

"Pua iguse usukani? Usukani wake uko juu, mama."

"Basi amebadilisha. Umepinda kama mkia wa mbwa mwoga."

Romana akapiga simu ofisi ya mifugo.

"Nyanda, umebadilisha usukani?"

"Ndiyo, mpenzi! Umeuona?"

"Na mama yangu umemkimbia?"

"Eee!" Sauti ilijaa fahari. "Nimemkimbia vizuri, au siyo?"

Romana aliitazama simu kama imemng'ata, kisha akaikata. Jioni alikwenda kwa Leodgar.

"Alipobadilisha alisema nini?"

"Kwamba ule wa juu unamwinua uso mbele ya kila mtu, na sasa kuna mwanamke ambaye yeye hatakiwi tena kumtazama usoni."

"Mwanamke gani?"

"Sikuuliza, dada. Mimi nafunga nati tu."

Mwanamke gani, kama si yeye? Lakini mtu anayekuacha anakuita mpenzi? Na mama ameingiaje humo? Romana aliligeuza neno hilo kichwani siku mbili nzima. Alitaka kujua jambo moja tu: huyu mtu ananitaka, au hanitaki?

Jumamosi mama alifunga kitenge. "Twende kwenye josho la ng'ombe, ndiko anakofanya kazi. Atuambie."

Huko Magamba ng'ombe walikuwa wanatoka joshoni wanatiririka dawa ya kupe. Nyanda alimwona Mama Matilda, akaruka nyuma ya fahali.

"Toka huko!" mama alipaza sauti.

"Siwezi, mama! Nakuomba usisogee!"

"Ana wazimu," mama alimwambia Romana.

Romana akamzunguka fahali. Nyanda alikuwa amechuchumaa, kofia imefunika uso.

"Sema hapa hapa. Hunitaki?"

"Nani kasema? Baba yangu amekubali! Washenga wamekwama Kaliua na barua ya posa. Tangu baba alipokubali, mama yako ni mkwe wangu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, unajificha, ndiyo heshima! Ule usukani wa juu ulikuwa unanitembeza kidevu juu kama askari wa zamu."

"Kwetu anayekupita bila salamu amekutukana! Mkwe anachuchumaa, anapiga makofi, anasalimia."

Kofia ikashuka taratibu. "Kwa hiyo nimemtukana mama?"

"Ukiwa kwenye miba."

"Mungu wangu."

"Ngoja kwanza. Baba yako ameulizwa. Washenga wametumwa. Usukani umenunuliwa. Mimi nimeulizwa lini?"

"Nilidhani... ulivyokaa kwenye bomba siku ile ya kwanza..."

"Nilikuwa nimechoka na mfuko wa barua!"

Nyanda akavua kofia kabisa. Shingo yake ilikuwa na mikwaruzo ya miba.

"Romana. Utanikubali?"

Romana aliitazama baiskeli iliyoegemea uzio. "Nikae wapi? Ukiinama hivyo, kidevu chako kitakaa kichwani kwangu."

"Keria ipo."

"Keria ni ya magunia."

"Basi chagua wewe usukani. Wowote."

"Wa juu. Mama akitokea, shuka, ugeukie pembeni." Akamfuta tone la dawa shavuni kwa kidole gumba. "Nimekubali, we mtu wa kuchanganya watu."

Ng'ambo ya fahali kukasikika makofi, taratibu, mawili mawili. Romana akachungulia. Mama yake alikuwa ametua kapu, amechuchumaa, amewapa mgongo, uso ameuelekeza barabarani.

"Mwambie huyo mkwe," alisema bila kugeuka, "nimemsalimia. Aitikie."

Nyanda akaipangusa mikono kwenye bugaluu, akampa mama naye mgongo, akaitikia kwa makofi.