Karatasi ya Matokeo ya Dada

Nikitoka shule sipitii nyumbani. Naenda moja kwa moja kwenye steshenari ya mama, naweka begi chini ya meza, na kazi inaanza: kutoa fotokopi, kupanga karatasi, kuwauzia watoto kalamu. Mama ananiita Kiherehere. Siku hizi hata wateja wananiita hivyohivyo, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Ijumaa moja dada aliniachia bahasha. Dada anasomea uuguzi, mwaka wa tatu. Chuo kikuu chao huchagua wanafunzi wachache wakasome muhula mmoja katika chuo cha nchi nyingine, na dada alikuwa hana wimbo mwingine. Chuo hicho cha nje kina wodi kubwa ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na hao ndio anaotaka kuwahudumia maishani. Maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa kumi jioni. Yeye alikuwa kwenye mazoezi hospitalini mpaka jioni, mahali ambapo simu haziruhusiwi. Kwa hiyo mimi nilitakiwa kuskani fomu, barua ya mhadhiri wake na karatasi ya matokeo, kisha nizitume chuoni kwao kwa barua pepe ya duka.

Ijumaa tunatoka mapema, na saa nane nilikuwa na mazoezi ya netiboli. Basi nikaskani chapuchapu, nikatuma. Mama akaniuliza kama nimetuma zote. Nikajibu "zote" nikiwa nimeshafika mlangoni.

Nilirudi saa tisa na robo, jasho linanitiririka. Nilipokuwa nazirudisha karatasi kwenye bahasha, ile ya matokeo ikageuka. Lo! Nyuma nako kulikuwa kumechapwa. Mbele yalikuwa matokeo ya mwaka wa kwanza, na nyuma yalikuwa ya mwaka wa pili, na alama nzurinzuri zote zilikuwa huko nyuma. Mimi nilikuwa nimetuma upande mmoja tu.

Sitawaficha, wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nani angejua? Dada angeambiwa hakuchaguliwa, angedhani wenzake wamemzidi, yakaisha. Mama alikuwa anatoa nakala za mitihani, mwalimu mmoja, mteja wetu, amesimama anazisubiri. Nikajifanya napanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Lakini kila nikitazama saa ya ukutani nilimwona dada kule wodini, amesimama tangu asubuhi, hana wasiwasi wowote kwa sababu kazi yake ameniachia mimi. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, nimeharibu," nikasema. "Nimetuma nusu ya matokeo ya dada."

Mama hakufoka. Alisimamisha mashine, akamwomba mwalimu radhi, akapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu. Mwanamke mmoja wa ofisi ya chuo akamweleza kwamba maombi yenye upungufu huwekwa kando na hayasomwi, ila tukituma upya kabla ya saa kumi yatapokelewa. Nikaskani tena, mbele na nyuma. Mtandao nao ukaamua kuringa. Barua ilienda zikiwa zimebaki dakika nane, na jibu likaja kwamba imepokelewa.

Nilishusha pumzi nikidhani yamekwisha. Mama akaniambia dada nitamweleza mwenyewe. Nikajitetea kwamba mambo yameshakaa sawa, ya nini kumuumiza kichwa? Akaniuliza, dada akiulizwa kwenye usaili kwa nini maombi yake yalitumwa mara mbili, atajibu nini?

Dada alirudi jioni, miguu imemvimba kwa kusimama. Nikamweleza yote, tangu netiboli hadi kule kutaka kunyamaza. Alichukua taulo, akaenda kuoga. Siku mbili hakunisemesha. Tunalala chumba kimoja, kwa hiyo fikirieni wenyewe siku hizo zilivyokuwa ndefu.

Wiki tatu baadaye aliitwa kwenye usaili, na kweli swali lile likaulizwa. Akawaeleza ilivyokuwa, wakaridhika. Kisha jina lake likatoka, yeye na wenzake watatu. Nyumba nzima ilipiga kelele za furaha. Dada alinikumbatia mimi wa kwanza, nami nikaangua kilio. Mama akadhani nalia kwa sababu dada anasafiri. Nikamwambia hapana, naogopa nikikumbuka nilivyokaribia kunyamaza.

Mama akanivuta karibu, akanifuta machozi kwa kiganja chake.

"Mwanangu, kila afanyaye kazi hukosea, na kosa likisemwa mapema hurekebishika," alisema. "Ungenyamaza, leo tungekuwa tumekaa hapahapa tunampa dada yako pole. Na wewe ungempa pole pamoja nasi, huku unamtazama usoni."