Blogu Iliyoandikwa Bila Nyamizi

Maneno yalikuwa yakijiandika juu ya ukuta wa kioo: "Habari za asubuhi, wanakibaraza! Jana nilipika mlenda, ukaungua, nikaula hivyo hivyo."

Nyamizi aliyasoma akiwa kitandani katika Bandari ya Anga ya Tabora, miguu ikimtetemeka kama ya ndama. Jina chini ya maneno lilikuwa lake. Mlenda hakuwa ameugusa kwa miaka sita. Hiyo jana yenyewe alikuwa bado ndani ya chombo, njiani kutoka sayari ya Mshtarii, amelala usingizi wa safari.

"Loo! Hata kuunguza kinaunguza kama mimi!" alisema, akacheka peke yake.

Aliyeandika ni kishikasauti. Nyamizi, ambaye ni mhandisi, alikiwasha mwenyewe kabla ya kuondoka, blogu yake isife. Mashine hiyo husoma kila ulichowahi kuandika, huokota namna yako ya kutania na kununa, kisha hukusanya habari za kwenu na kuzisimulia kwa ulimi wako. Wasomaji walikuwa wameongezeka mno, na wengi hawakujua kama aliwahi kuondoka.

Basi akaanza kusoma ajue maisha yake yamekwendaje. Mdogo wake Kulwa ameoa. Mtaa wao umepata barabara inayojifagia. Ajabu ilioje, kupewa umbea wa kwenu na wewe mwenyewe! Alikuwa bado anatabasamu alipofika kwenye kichwa kilichosema: "Baba Yangu Ametutoka."

Mashine ilikuwa imelia vizuri. Ilieleza jinsi Mzee Mahona alivyokuwa akikohoa mlangoni ili watoto waache ugomvi, na kweli ndivyo alivyokuwa. Pole zilijaa chini yake. Zilikuwa za miaka minne iliyopita.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Bi Mseka, sebuleni. Makochi yalikuwa yamesogezwa ukutani na mkeka umetandikwa katikati, kama siku ya msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu, kaa."

"Mama, yale maneno ya msiba kwenye blogu... sikuwa mimi. Ni mashine."

"Najua. Kulwa alinisomea. Maneno mazuri, sikatai, mpaka mwili ulinisisimka. Lakini msiba hausomwi, msiba unakaliwa. Ukoo ukasema tuanue tanga, nikakataa. Mtoto wake hajafika, tunaanuaje? Wakaniita kichaa. Mkeka nautandika kila asubuhi."

Nyamizi alianguka pale mkekani, akalia kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. Mama yake akalia naye upya, kana kwamba mzee kazikwa jana. Majirani waliposikia walivua viatu mlangoni, wakaingia kukaa nao.

Wageni walipoondoka, Nyamizi alikizima kishikasauti. Akaandika mwenyewe: "Nimerudi. Baba yangu amefariki."

Majibu yakaja upesi.

"Dada, hii si ulishatuambia?"

"Mbona umepoa hivi? Andika kama zamani bwana."

Nyamizi akaiweka simu chini, uso ukimwaka kwa uchungu. Bi Mseka, ambaye hakuwahi kuandika lolote katika blogu ile, akaichukua. Akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada, huku akinong'ona kila neno.

"Pole, mwanangu. Baba yako amefariki."

Kisha akainuka, akaukunja mkeka.