Ndoo ya Pumba Tamu

Horimaizi, hori la kulishia lenye akili ya mashine, liliamka kabla ya jua. Lilishusha mikono yake miwili ya chuma ndani ya pipa, likatoa nyasi kavu zilizolala majini usiku kucha ili sukari yake itoke, likazikamua, likazipima, kisha likazimwaga taratibu mbele ya Ukungu, farasi mdogo wa kijivu, mnene wa shingo, nywele zimemwangukia machoni kama shela.

"Kula, mzee," lilisema hori kwa upole.

Atuganile, mhandisi aliyelibuni, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha chai. Katika mji wa Kitulo Mpya magari yaliruka juu ya mapaa, lakini bonde la maua lilikatazwa mashine, na wageni walipelekwa huko kwa farasi wadogo. Kila zizi lilikuwa na horimaizi lake, na kila farasi alivaa shingoni ukanda uliosoma jasho na kuliambia hori jinsi homoni zake zinavyopanda na kushuka.

Mama mkwe wake, Bibi Sekela, aliyekuja kuwatembelea kutoka Tukuyu, alichungulia ndani ya hori akaguna.

"Hiki ndicho chakula? Mama weee! Hata mbuzi wangu angenisusia."

"Mama, farasi hawa asili yao ni nyasi duni. Wakila wanga mwingi, sukari hujaa kwenye damu, na kongosho humwaga insulini ili iishushe. Kwa wanyama wengi insulini hufanya kazi yake ikarudi chini. Hawa mwili wao hauisikii vizuri, basi humwagwa zaidi, inakaa juu, na mwisho huharibu nyama laini zinazoshikilia kwato."

"Sawa, mwanangu, mmesoma. Ila nikirudi wakiniuliza mkwe wangu anaishije, niseme nini? Kwamba anafuga njaa?"

Akacheka, akampigapiga begani. Ulikuwa utani tu. Lakini Atuganile chai ilimshinda.

Jioni ile alimvua Ukungu ukanda, akaliambia hori, "Funga jicho, nasafisha." Likatii, maana sauti yake ndiyo pekee liliyoiamini. Akaleta ndoo ya pumba za mahindi alizozikoroga kwa molasi tamu ya miwa. Ukungu alikula mpaka akaisukuma ndoo kwa pua hadi ukutani. Kesho yake tena, na kesho kutwa, ukanda ukingali umevuliwa, mpaka ubavu ukajaa na Bibi Sekela akapiga makofi: "Sasa huyu ni farasi!" Atuganile akafurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wenzake.

Asubuhi moja Ukungu hakusogea. Alikuwa ameegemea nyuma, miguu ya mbele kainyoosha kama aliyekanyagishwa makaa. Atuganile alimrudishia ukanda.

"Insulini iko juu mno," lilisema horimaizi bila ukali wowote. "Kwato zina moto. Kuna chakula sikukipima. Nani alimlisha?"

Bibi Sekela alikuwa amesogea mlangoni.

"Ni mimi," alisema Bibi Sekela kwa sauti ndogo. "Nilimpa ganda la ndizi. Moja tu, mwanangu, alinitazama nikamwonea huruma. Nimemuua?"

Akaanza kulia, akijifuta kwa ncha ya kanga. Na Atuganile, Mungu amsamehe, alijishughulisha na kifungo cha ukanda. Alimwacha yule mama alie.

"Ganda moja haliwezi kufanya hivi," lilisema hori.

Ndipo Atuganile akainama, akaitoa ndoo nyuma ya hori. Ilikuwa bado inanata.

"Usilie, mama. Ni mimi."

"Wewe? Wewe unayejua?"

"Nilitaka unione nalisha."

Bibi Sekela akaenda kuchota maji. Alichuchumaa kwa shida, akaanza kuzimwagia kwato maji baridi. Atuganile akapiga magoti upande wa pili, asithubutu kumtazama usoni.

"Akipona," lilisema hori, "bondeni hatabeba mgeni tena."

Ukungu alikuwa anatetemeka kwa maumivu. Hata hivyo aliishusha shingo, akamnusa Atuganile mkono, kisha akanyoosha pua kuelekea kwenye ndoo, akingoja apewe.