Mama Nyuzi Aijaribu Linux Kwanza

Mama Nyuzi hudarizi nembo kwenye sare. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Mashine yake ya kudarizi hupokea michoro kutoka kwenye kompyuta ndogo, iliyo kwenye meza ya kukatia vitambaa. Michoro yake yote imo humo. Ikipotea, wateja nao watapotea.

Binti yake anasomea uhasibu kwa kompyuta hiyo hiyo. Siku hizi imekuwa nzito. Ukiiwasha, unaweza kufagia nyumba nzima, ukarudi, na bado haijawa tayari.

Jumamosi asubuhi mjomba aliingia na flashi mkononi.

"Dawa hii hapa," alisema. "Linux. Ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Mwepesi, na wa bure."

Mama Nyuzi akasimamisha mashine. "Wa bure?"

"Bure kabisa, dada."

"Nani anautengeneza?"

"Watu wengi, dunia nzima."

"Na hao watu wengi wanakula nini?"

Mjomba akacheka. Mama Nyuzi hakucheka. Aliichukua kompyuta, akaipakata kama mtoto mwenye homa.

"Mama, hatuiondoi Windows," binti alisema. "Mifumo miwili inaweza kukaa pamoja."

"Wake wenza chumba kimoja! Na mgeni akimfukuza mwenyeji? Programu yangu ya kudarizi inafanya kazi kwenye Windows tu."

Binti alitoka. Akaenda kumwita jirani, mwanamke anayefundisha kompyuta kwenye maktaba.

Jirani aliitazama flashi kwanza. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwa jamaa mmoja," mjomba alijibu.

"Jamaa gani?"

"Yule... simjui sana."

"Basi tuiache. Hatujui kilichomo. Linux hupakuliwa kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Dada, una haki ya kuwa na shaka."

"Nakusikiliza," Mama Nyuzi alisema. "Sijakubali."

"Sawa. Uliuliza wanakula nini. Wengine wanajitolea, wengine wanalipwa na kampuni zinazoitumia Linux. Na namna ilivyotengenezwa haifichwi. Anayejua anaweza kuikagua."

"Iko ya aina moja?"

"Ziko nyingi, na hapo ndipo watu hupotea. Hiyo ya kaka yako ni ipi?"

"Arch," mjomba alisema, kifua mbele. "Wataalamu wanaipenda."

"Ni nzuri kwa anayetaka kupanga kila kitu mwenyewe. Lakini kumpa anayeanza ni kama kumpa mwanafunzi wa kushona mzigo wa pamba, asokote nyuzi kwanza. Anayeanza achague iliyo tayari, yenye watu wengi wa kuwauliza. Ubuntu inafaa. Kwa kompyuta hii ya zamani, mimi ningechukua Linux Mint. Menyu yake iko chini kushoto kama ya Windows, hamtahangaika."

"Na nisipoipenda?"

"Unaijaribu kabla ya kuiweka. Inawaka kutoka kwenye flashi. Haibadilishi kitu ndani mpaka uiruhusu."

Hapo Mama Nyuzi aliirudisha kompyuta mezani. Lakini mkono wake ulibaki juu yake.

Kwanza walinakili michoro yote kwenye diski ya nje. Mama Nyuzi hakuridhika kuambiwa kwamba imenakiliwa. Aliifungua, mchoro mmoja baada ya mwingine, akaitazama. Kisha binti akapakua Mint na kuiandaa kwenye flashi tupu. Wakaijaribu. Sauti ilitoka, intaneti ikashika, printa ikachapa. Mama Nyuzi alitazama yote kwa jicho la pembeni.

Jirani aliingia tena kwenye Windows, akaipunguzia nafasi ili Linux ipate pa kukaa. Akaizima kompyuta kabisa. Ndipo wakaiwasha tena kutoka kwenye flashi, na kazi yenyewe ikaanza. Binti alikuwa anabonyeza haraka haraka.

"Subiri!" Mama Nyuzi alisema. "Hapo pameandikwa nini?"

Binti akasoma. Uso ukambadilika. "Futa diski yote."

"Na ulikuwa unabonyeza?"

"Nilidhani nimechagua ile nyingine, Mama."

"Hapa ndipo wengi hulia," jirani alisema. "Tunataka hii: weka kando ya Windows."

Mama Nyuzi akavuta kiti, akaketi bega kwa bega na binti yake. Tangu hapo hakuna kilichobonyezwa kabla ya kusomwa kwa sauti.

Kompyuta ilipowaka upya, ilionyesha majina mawili na kusubiri.

"Windows kwanza," Mama Nyuzi aliamuru.

Windows ikafunguka. Programu ya kudarizi ikafunguka. Michoro ilikuwepo. Akadarizi ua dogo, akaligeuza, akalikagua nyuma na mbele. Ndipo akapumua.

"Haya. Sasa mwamsheni huyo mgeni."

Linux ikawaka. Mama Nyuzi hakupata hata muda wa kuushika ufagio.

Sasa asubuhi ni Windows na darizi, jioni ni Linux na masomo ya binti. Mama Nyuzi naye husoma barua pepe za wateja huko kwenye Linux, ingawa hasemi kwamba ameipenda.

Mwezi uliofuata mjomba alileta kompyuta yake. "Dada, na mimi niwekee hiyo Mint."

Mama Nyuzi alimtazama juu ya miwani.

"Nakala za mafaili yako ziko wapi?"

"Nakala? Sina."

"Basi nenda kanakili," alisema, akakanyaga pedali ya mashine. "Halafu uje na diski, nizikague mwenyewe."