Mrithi wa Chumba cha Picha

Kiti cha marehemu kilikuwa na joto. Mshonaji alikikalia bila kufikiri, adhuhuri, alipoingia kupanga vitu vya baba yake, akahisi joto la kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu mazishi na funguo alikuwa nazo yeye. Aliinuka, akakigusa kwa kiganja, kisha akaketi tena. Tangu mwanawe afariki mwaka uliopita, hakuna kilichomshtua.

Baba yake alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, ila moyo wake ulikuwa kwenye historia ya mji. Alikusanya picha za watu wa zamani, akaandika nyuma ya kila moja: huyu ni nani, mtoto wa nani, alikufa vipi. Maboksi yalifika darini. Hakusomea, hakulipwa, na hakuacha wosia.

"Tuwape chuo kikuu haya maboksi," alisema kaka yake, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Shoti. "Yule mhadhiri wao wa historia hachoki kupiga simu kuyaomba. Hapa yataliwa na mchwa."

"Baba alisema yasitoke."

"Baba mwishoni alikuwa ananiita fundi bomba, dada. Mimi, mwanawe wa kumzaa!"

Mshonaji hakubisha. Siku hizo hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Mhadhiri alikuja mchana kweupe na gari la mizigo. Akanyanyua boksi la kwanza, halafu akalitua taratibu.

"Kuna mtu humu?" alinong'ona.

"Hamna," alisema Shoti.

"Mbona anasoma?"

Wakatega masikio wote. Harufu ya nguo zilizovundia kwenye beseni ikapanda kutoka sakafuni, na nyuma ya maboksi, pale ambapo hata paka asingepenya, sauti kavu ya mtu mwenye kiu ya siku nyingi ikawa inataja watu, huyu mtoto wa yule, yule mke wa huyu, aliyezama, aliyeungua, aliyezikwa bila kuoshwa, ikishuka vizazi bila kupumzika wala kumeza mate, mpaka ikafika kwa mhadhiri, mtoto wa muuza mkaa, ambaye huwaambia watu kwamba baba yake alikuwa hakimu.

Mhadhiri aliondoka na kiatu kimoja. Hakupiga simu tena.

Shoti akamleta mganga, mtu mpole mwenye kikohozi. Alijifungia mle na ubani wake, wakamsikia akiuliza na kujibiwa, akibembeleza na kujibiwa. Alipotoka, shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Hatoki," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini mkongwe. Hao watu wote aliwaona wakiishi, na ndiye aliyekuwa akimsimulia mzee wenu. Lakini hakumsimulia bure. Kila alipompa mtu mmoja wa zamani, alichukua mtu mmoja kutoka kichwani mwa mzee."

Shoti akajifuta uso. "Ndiyo maana alinisahau."

"Ndiyo maana. Sasa anataka mrithi."

"Tukichoma haya makaratasi je?"

"Utamwacha bila makao. Atahamia kwako, ajichagulie mwenyewe. Una watoto?"

Shoti alikuwa nao. Aliutazama mlango wa chumba. "Basi mimi. Mimi ndiye mwanamume, nitabeba."

"Wewe una watu wa kuwakumbuka, kaka," alisema mshonaji. Akamgeukia mganga. "Anayechukuliwa anachaguliwa na nani?"

Mganga alimwangalia, kisha akaangalia chini. "Wa kwanza unamtoa mwenyewe. Baada ya hapo anachagua yeye."

Hapo Shoti akaelewa. Akamshika dada yake mkono. "Usifanye hivyo. Yule ni mwanao."

"Nakula sisikii ladha, Shoti. Nataka kulia, machozi hayaji. Nikilala namwona, nikiamka hayupo. Nimechoka kumzika kila asubuhi."

"Dada, tafadhali."

Alijinasua bila hasira, akaingia, akafunga mlango.

Shoti alikaa siku nyingi bila kwenda kule kwenye nyumba ya baba yao. Aliogopa, na aliona haya kuogopa. Alipokwenda alimkuta dada yake amenawiri, anaimba mle chumbani huku cherehani ikiunguruma, madirisha yote wazi. Alimkaribisha kwa jina, akamuulizia wanawe. Shoti akapumua. Kisha akashindwa kujizuia: akatoa kwenye pochi picha ya mpwa wake, akaiweka mezani.

"Huyu unamjua?"

Mshonaji aliiinua kwenye mwanga kwa ncha za vidole, jinsi baba yao alivyokuwa akifanya. "Ana sura nzuri. Umeipata wapi?"

Dada yake akaigeuza, akachukua kalamu, akaandika akitamka polepole: "Mtoto wa kiume, kama miaka minne. Jina halijulikani. Wazazi hawajulikani." Akaupuliza wino ukauke.

Nyuma ya maboksi kitu kikajisogeza. Harufu ya nguo zilizovundia ikapita, na sauti ndogo, ile ile iliyokuwa ikimpokea Shoti mlangoni kila Jumapili, ikamwita.

"Mjomba. Mjomba, mwambie mimi ni nani."

Mshonaji alikuwa tayari anatafuta boksi la kuiweka.

"Hawa watoto wa jirani," alisema, "kelele zao haziishi."